Kila Kifaa na Haki Yake: Kuunganisha Vyombo Vingi na Kompyuta Mpakato Moja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini wa Kasulu, kisha Kibondo)



Huenda baadhi yenu mkashangaa kwamba leo hatukusimama kueleza jambo la ibada, bali tumesimama kusema juu ya nyaya, matundu na vyombo vya kompyuta. Lakini kila jambo linalobeba amana za watu linastahili kuzungumzwa msikitini, na kompyuta yetu moja, ile ambayo wengi huiita laptopu, imebeba amana nyingi: orodha ya ndoa na ya marehemu wetu, hesabu za michango, masomo ya madrasa, na sauti za wazee wetu. Tena yapo mambo ambayo sisi wa kamati ya vyombo tunawiwa kuyaeleza, kwa sababu amana mojawapo ilipotea mikononi mwetu.

Tulivyopoteza sauti ya mwalimu wetu

Wengi mnamkumbuka mwalimu wetu mzee aliyekuwa akikaa hapa Kasulu, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki. Katika mwaka wake wa mwisho alikubali kutusimulia kila Jumapili, kwa Kiswahili na pale panapohitajika kwa Kiha, habari za watu wa kwanza waliosali katika vijiji vyetu: nani walifyatua matofali ya msikiti wa kwanza, nani walitoa kiwanja, na jinsi watu walivyotembea kwa miguu siku mbili kuifuata sala ya Idi. Tulirekodi masomo kumi na mawili. Yote tuliyaweka katika diski moja ya nje, maana kompyuta yenyewe ilikwisha jaa.

Siku ya somo la kumi na tatu vyombo vilikuwa vingi. Kompyuta ilikuwa na matundu mawili ya USB, na moja lilikuwa bovu. Katika lile moja zima tulichomeka kijisanduku cha matundu manne, ambacho wauza vifaa hukiita habu, na katika kijisanduku hicho tukachomeka kamera, diski, na modemu ya intaneti. Tundu la nne likabaki wazi. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akachomeka simu yake ipate chaji.

Baada ya muda mfupi diski ikaanza kutoa sauti ya tik, tik, tik, na jina lake likatoweka kwenye kioo. Tukaichomoa na kuichomeka. Ikarudi, ikatoweka tena. Mara ya tatu kompyuta ikauliza kama tunataka kuifomati diski hiyo. Mwalimu alikuwa amekaa akitungoja, watu walikuwa wakitungoja, nasi wakubwa tukamhimiza kijana aliyekuwa mbele ya kompyuta afanye haraka. Akabonyeza kukubali. Diski ikafunguka ikiwa tupu, nasi tukaendelea kurekodi juu yake kwa saa nzima, tukifurahi kwamba imepona.

Usiku ule ndipo tulipotambua kwamba masomo kumi na mawili hayapo. Fundi tuliyempelekea alituambia kwamba kufomati peke yake huenda kusingalifuta kila kitu, lakini ile saa moja ya kuandika upya ilikuwa imepita juu ya yaliyokuwamo. Miezi michache baadaye mwalimu akafariki.

Ndugu zetu, wakati ule tulimlaumu kijana. Leo tunasema mbele yenu kwamba lawama si yake. Sisi ndio tuliokataa kununua habu yenye umeme wake ili kuokoa shilingi chache, na sisi ndio tuliomwambia aharakishe. Hatukuwa na nakala ya pili. Kwa hiyo tumejifunza, na tumeona ni wajibu wetu kuwafundisha na nyinyi, ili yaliyotupata Kasulu yasije yakaupata msikiti mwingine wowote.

Tundu moja lina nguvu kiasi gani

Hapo zamani kila chombo kilikuwa na tundu lake la peke yake: printa lake, kipanya lake, kibodi lake. Mwezi Januari 1996 ndipo ulipotolewa utaratibu wa kwanza wa USB, wa kuwa na tundu la aina moja kwa vyombo vyote. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni mhandisi Ajay Bhatt, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Intel. Faida yake ni kubwa, lakini urahisi huo ndio unaotudanganya: kwa kuwa vyombo vyote vinaingia katika tundu, tunadhani tundu linaweza kuvilisha vyote.

Sivyo. Tundu la USB la aina ya pili, iliyotolewa mwaka 2000, hutoa umeme wa volti 5, na kiasi chake kisichozidi miliampia 500, yaani wati mbili na nusu. Tundu la aina ya tatu, iliyotolewa mwaka 2008, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani yake, hutoa miliampia 900. Hicho ndicho chakula chote kilichopo mezani.

Sasa tufanye hesabu ya siku ile. Habu isiyo na umeme wake yenyewe hula sehemu ya zile miliampia 500, na kila tundu lake kati ya manne limekusudiwa chombo kisichohitaji zaidi ya miliampia 100. Kipanya au kibodi hutosheka na kiasi hicho. Lakini modemu inapotafuta mtandao katika vilima vyetu vyenye mawimbi hafifu inaweza kutaka karibu 500 peke yake. Diski yenye sahani inayozunguka hutaka kiasi kama hicho inapofanya kazi, na inapoanza kuzunguka huhitaji zaidi. Kamera nayo ina haki yake, na simu inayochajiwa huchukua kila inachopewa. Ile sauti ya tik, tik ilikuwa sauti ya diski yenye njaa: inajaribu kuzunguka, inakosa nguvu, inasimama, inajaribu tena. Na diski inayosimama katikati ya kuandika hupoteza daftari lake la ndani linaloonyesha kila kitu kimewekwa wapi.

Mshika mawili moja humponyoka. Sisi tulishika manne.

Mfano wa mitambo ya kuandikisha wapiga kura

Msidhani kwamba haiwezekani kuunganisha vyombo vingi na kompyuta moja katika mazingira yetu. Sote tumeyaona kwa macho yetu. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliandikisha wapiga kura nchi nzima kwa mitambo ya BVR ipatayo 8,000, kazi iliyoanzia Makambako, mkoani Njombe, mwezi Februari. Katika kila sanduku mlikuwa na kompyuta mpakato, na pamoja nayo kamera, kifaa cha kusoma alama za vidole, kibao cha kutia saini, na printa ya kutoa kadi. Kwa njia hiyo waliandikishwa watu zaidi ya milioni 22. Na tarehe 20 Julai 2024 uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulizinduliwa hapa hapa mkoani kwetu Kigoma, kwa mitambo mipya.

Tukumbuke mkulima aliyepanga foleni tangu alfajiri, vidole vyake vikiwa vimesagika kwa mpini wa jembe. Kifaa kinajaribu kuvisoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikiwa wakati huo waya umelegea, au chombo kimekosa umeme, mtu huyo anarudi nyumbani bila kadi, na haki yake imekwama katika kebo ya shilingi elfu chache. Ndiyo maana katika kazi ya namna ile kila chombo huwekewa mahali pake, umeme wa akiba huandaliwa, na wahusika hufundishwa kabla ya siku yenyewe. Kazi ya msikiti ni ndogo kuliko ile, lakini haki za watu zilizomo ndani yake si ndogo.

Namna ya kuunganisha

Tunapendekeza utaratibu ufuatao, ambao sisi wenyewe tumekuwa tukiufuata tangu siku ile.

Kwanza, vigaweni vyombo katika mafungu mawili: vyenye umeme wake, na vinavyokula umeme wa kompyuta. Printa, projekta na amplifaya vina waya zake za umeme, kwa hiyo haviilemei kompyuta. Diski ya nje, modemu, kamera na kipanya hula kutoka kwenye kompyuta. Fungu hili la pili ndilo la kuhesabiwa.

Pili, chombo kilichobeba amana kipewe tundu la kompyuta yenyewe. Diski isipitie kwenye habu isiyo na umeme wake hata siku moja. Kipanya, kibodi na flashi ndogo ndivyo vipelekwe kwenye habu.

Tatu, ikiwa vyombo ni vingi, nunueni habu yenye adapta yake ya kuchomeka ukutani. Habu hiyo huviletea vyombo chakula kutoka kwingine, na kompyuta hubaki na kazi ya kuzungumza navyo tu. Tena msiunganishe habu juu ya habu bila sababu, wala msitafute kebo ndefu mno: kebo ya kawaida ya USB ya aina ya pili haifai kuzidi mita 5. Mkitaka kuipeleka kamera mbali, isogezeni kompyuta.

Nne, simu zisichajiwe kwenye kompyuta wakati wa kazi. Hili tumelifanya kuwa sharti, na tunawaomba wageni wetu wasikasirike wakinyimwa.

Tano, kwa wale wenye kompyuta mpya zenye tundu dogo la duaradufu, ile aina iliyotoka mwaka 2014 ambayo kichwa chake huingia juu au chini sawasawa, fahamuni kwamba matundu hayo hufanana kwa sura lakini hayafanani kwa uwezo. Moja hupitisha picha, data na chaji, na jingine hupitisha data peke yake. Kabla ya kununua kile kijisanduku cha kupanua matundu, nendeni dukani na kompyuta yenu, mkaijaribu pale pale.

Sauti na picha kwa upande wa akina mama

Akina mama wametueleza mara nyingi kwamba wao husikia mvumo tu na si maneno. Malalamiko yao ni ya haki. Mvumo ule mara nyingi hautokani na spika mbovu. Chaja ya kompyuta ikiwa katika soketi ya ukuta mmoja, na amplifaya ikiwa katika soketi ya ukuta mwingine, waya wa sauti unaoviunganisha hugeuka kuwa njia ya umeme mdogo unaozunguka kati yake, nao husikika kama nyuki. Chomekeni vyote viwili katika ekstensheni moja. Ukibaki mvumo, chomoeni chaja ya kompyuta na kuiacha itumie betri kwa muda. Ukitoweka, mmejua ulikotoka.

Kuhusu picha, projekta nyingi za zamani zina tundu la VGA lenye pini 15, na kompyuta nyingi za sasa zina HDMI peke yake. Waya mtupu wenye vichwa viwili tofauti haukubali, kwa kuwa lugha zake ni mbili. Inahitajika adapta inayotafsiri. Mkishaunganisha, bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, kisha mchague picha ionekane pande zote mbili. Na kioo cha upande wa akina mama kijaribiwe kwa kukaa pale wanapokaa wao, si kwa kuulizia kutoka mlangoni.

Umeme wa nyanda zetu

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea jenereta za dizeli, mpaka mwaka 2022 gridi ya taifa ilipotufikia. Hata hivyo umeme hukatika na kurudi, na unaporudi kwa ghafla huja na nguvu isiyo na adabu. Vyombo vyote vipitie kwenye stabilaiza, na umeme ukikatika vichomoeni, mngoje utulie ndipo mvirudishe. Wakati wa masika, mkisikia ngurumo katika vilima, msitosheke na kuzima swichi: chomoeni waya wa umeme ukutani, na waya wa antena pia.

Misikiti ya vijijini inayotumia umeme wa jua nayo ifanye hesabu. Inveta ya wati 300 haiwezi kubeba kompyuta ya wati 65, projekta ya wati 250 na amplifaya ya wati 100, kwa sababu jumla yake ni 415. Ama projekta ipumzike, ama inveta iwe kubwa zaidi. Na printa ya leza isichomekwe kabisa katika inveta ndogo, maana inapopasha moto karatasi huvuta mamia ya wati kwa mara moja, na vyombo vingine vyote huzimika pamoja nayo.

Kuagana na diski

Ndugu zetu, haraka haraka haina baraka. Diski isichomolewe kabla kompyuta haijaruhusu. Tunapoona kwenye kioo kwamba kunakili kumekwisha, mara nyingine kompyuta bado inayo maandishi mkononi ambayo haijayafikisha. Ndiyo sababu ipo amri ya kuiondoa diski kwa usalama, na ndiyo sababu ya kungoja jibu lake.

Na endapo siku moja kompyuta itawauliza kama mnataka kuifomati diski yenye amana, jibu ni hapana. Iondoeni, msiandike juu yake hata neno moja, jaribuni kebo nyingine na tundu jingine, na isipofunguka mpelekeeni fundi ikiwa vile vile ilivyo. Somo likiahirishwa, watu watarudi Jumapili ijayo.

Tena kila amana iwe na nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, moja katika diski inayokaa msikitini, na moja katika diski inayokaa nyumba nyingine, isije ikawa moto au mwizi mmoja akavichukua vyote.

Yaliyosalia

Tumalizie kwa jambo tulilolijua baadaye. Mwalimu wetu aliwahi kwenda Kibondo mara moja na kusomesha somo moja huko. Mama mmoja alikuwa amekaa upande wa akina mama, na binti yake alikuwa mgonjwa nyumbani hakuweza kuja. Basi akaiweka simu yake karibu na spika akamrekodia. Tulipokwenda Kibondo kwa ajili ya hotuba hii na kueleza msiba wetu, mama huyo alituita pembeni akatupa simu ile. Kioo chake kilikuwa kimepasuka.

Tuliiunganisha simu na kompyuta kwa kebo, peke yake, bila chombo kingine chochote. Ilituchukua dakika chache tu. Sauti ni ya dakika arobaini, ina mvumo, na katikati mtoto analia. Lakini mwalimu anasikika akiyataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, watu waliofyatua matofali ya msikiti wa kwanza. Baadhi ya wajukuu zao wamo katika safu zetu na walikuwa hawajui.

Sauti hiyo sasa ina nakala tatu. Tunaomba kila msikiti uteue vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wajifunze utaratibu huu. Waziandike kebo zao majina, na wavijaribu vyombo siku moja kabla ya kila mkutano. Na wazee walio hai tuwarekodi sasa, wangali nasi.

Kijana yule tuliyemlaumu ndiye aliyeitoa sauti ya mwalimu katika simu ile. Tumemwomba radhi, naye ametusamehe. Tunawaomba na nyinyi mtusamehe.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana zetu, kubwa na ndogo. Amin.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.